Wanafunzi Huondoka, Miti Hubaki: Kikundi cha Mazingira Chuoni

Kipalapala, kando ya mji wa Tabora, ni mahali pa elimu tangu zamani. Seminari Kuu yake imefundisha vijana tangu miaka ya 1920, na kiwanda cha uchapaji cha hapo kimetoa vitabu vingi vya Kiswahili vilivyosomwa nchini kote. Tabora yenyewe ni mji wa wanafunzi. Mwalimu Julius Nyerere aliingia Shule ya Tabora mwaka 1937, na leo mji una chuo cha ualimu, chuo cha ufugaji nyuki, chuo cha reli na vyuo vingine kadhaa. Vyuo hivi vyote vinashiriki jambo moja: vimejengwa katika nchi ya miombo. Kuni, nguzo, asali na uyoga wa masika, vyote hutoka katika msitu huo.

Makala haya yanaeleza jinsi wanafunzi wa chuo wanavyoweza kuungana ili kuhifadhi mazingira ya mahali wanaposomea. Yanaeleza pia tatizo moja linalokikabili kila kikundi cha namna hiyo. Tatizo lenyewe ni rahisi kulitaja, lakini ni gumu kulishinda: mwanafunzi hukaa chuoni miaka miwili, mitatu au michache zaidi, bali mti kama mninga huhitaji miongo mingi ili ukomae. Anayepanda siye atakayevuna, na mara nyingi siye hata atakayemwagilia.

Mifano ya Afrika Mashariki

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wana historia ndefu katika kazi hii. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule za sekondari nchini Kenya walianzisha vilabu vya wanyamapori, ambavyo viliunganishwa katika chama kimoja cha nchi nzima. Hapa Tanzania vilabu vya Malihai vilianza mwaka 1980. Mwaka 1991 kikundi kidogo cha wanafunzi kilikutana Dar es Salaam na Jane Goodall (1934–2025), mtafiti wa sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma, na kutokana na mkutano huo ukaanzishwa mpango wa Roots & Shoots, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi duniani. Katika mifano hii yote kilabu cha shule moja hakikuachwa peke yake. Kilifungamanishwa na chombo kikubwa zaidi, hivyo wanafunzi walipohitimu, kazi haikuhitimu pamoja nao.

Mfano mwingine ni wa mwaka 1999. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000 katika jiji la Nairobi, ulikuwa umeanza kugawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai na Green Belt Movement, shirika alilolianzisha mwaka 1977, waliupinga ugawaji huo kwa kwenda kupanda miche msituni, na mwezi Januari 1999 walishambuliwa na kujeruhiwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi waliingia barabarani kuutetea msitu, nao wakapambana na polisi. Karura ipo hata leo. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba maandamano yalichukua siku chache, lakini kazi ya kuzitoa sehemu zilizoharibiwa katika hali ile na kuzirudishia miti ya asili imechukua miaka mingi. Kazi hizi mbili ni tofauti, nazo zahitaji maandalizi tofauti.

Kalenda ya chuo na kalenda ya msitu

Siku ya Dunia ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani, tarehe 22 Aprili 1970, waandalizi waliichagua tarehe hiyo kwa kuwa iliangukia kati ya likizo na mitihani ya vyuo. Walifanya vema, maana walihitaji wanafunzi wengi kwa siku moja. Lakini mche wa mti hauishi siku moja. Huko Tabora mvua huanza yapata mwezi Novemba na kukoma mwezi Aprili au Mei. Mche uliopandwa Desemba hupata miezi minne au mitano tu ya kuteremsha mizizi kabla ya kiangazi kikali. Nayo likizo ndefu ya vyuo vikuu vyetu huangukia kati ya Julai na Oktoba. Yaani chuo huwa kitupu katika miezi ile ile ambayo mche unahitaji maji na ulinzi.

Hatari iliyo kubwa kuliko kiu ni moto. Miti ya miombo huchipua majani mapya wiki kadhaa kabla ya mvua, kwa chakula kilichohifadhiwa mizizini na kwa maji ya ardhini. Moto wa Mei au Juni hukuta nyasi zikiwa bado na unyevu, nao hupita kwa upole. Moto wa Septemba au Oktoba hukuta nyasi zimekauka kabisa na machipukizi mororo yamekwisha kutoka. Huyaunguza, na ukirudi kila mwaka huumaliza msitu. Majaribio yaliyoanzishwa Ndola, nchini Zambia, katika miaka ya 1930 yalilidhihirisha jambo hili: sehemu zilizochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi ziligeuka kuwa mbuga za nyasi, na sehemu zilizokingwa na moto zilizidi kuwa msitu mnene.

Kwa hiyo kikundi cha chuo kisichokuwa na watu wengi chaweza kufanya jambo kubwa kwa kufyeka njia ya kuzuia moto mwezi Mei au Juni, kabla ya likizo. Visiki vya miombo huchipua vyenyewe, na mizizi iliyo hai ardhini huwa na nguvu kuliko mche wa kitaluni. Mara nyingi kuukinga msitu uliokatwa huleta miti mingi zaidi, kwa gharama ndogo zaidi, kuliko kupanda upya.

Kupima kabla ya kutenda

Silaha ya kwanza ya mwanafunzi ni kipimo. Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Chuo kina wanafunzi 300, na jiko lake latumia kilo 1 ya kuni kwa kila mwanafunzi kwa siku. Kwa siku 270 za masomo, chuo kitachoma kilo 81,000, yaani tani 81. Tukichukua kwamba miombo inayochipua huongeza tani 1 hadi 2 za mbao kwa hekta kwa mwaka, chuo hicho kinahitaji hekta 40 hadi 81 za msitu ili kisile mtaji wake. Hekta 40 zazidi viwanja 50 vya mpira. Jiko bora likipunguza kuni kwa nusu, eneo hilo nalo hupungua kwa nusu.

Hesabu hii ina maana mpya leo. Mwaka 2023 serikali iliagiza kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kutumia kuni na mkaa kuanzia tarehe 31 Januari 2024, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 umekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kubadilisha jiko la chuo ni jambo la fedha. Mkuu wa chuo anayeletewa daftari la vipimo vya mwaka mzima huweza kulinganisha gharama ya kuni, gesi ya mitungi na gesi ya samadi. Akiletewa malalamiko matupu, hana cha kulinganisha.

Kipimo hufundisha pia unyenyekevu. Majiko ya vyuo siyo yanayoumaliza msitu wa Tabora. Kilimo cha kuhamahama, ukaushaji wa tumbaku kwa kuni na biashara ya mkaa huchukua sehemu iliyo kubwa zaidi. Lakini chuo kisichojua kinachochoma chenyewe hakina neno la kumwambia mkulima wa tumbaku.

Muundo wa kikundi

Kutokana na hayo, kikundi kinachotaka kudumu chahitaji mambo manne. Kwanza, kiwe na mlezi ambaye hataondoka baada ya miaka mitatu: mwalimu, mpishi mkuu au mtunza bustani. Pili, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho amkabidhi kazi yake mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kabla ya mitihani, wala si baada yake. Tatu, pawe na daftari moja la vipimo, tarehe za mvua, tarehe za moto na hesabu ya miche iliyo hai, nalo lihifadhiwe maktaba. Nne, pawe na mapatano na wanakijiji jirani juu ya ulinzi wa msitu wakati wa likizo, nao wapate haki yao, kama vile kutundika mizinga au kuokota uyoga.

Historia ya Tabora ina funzo katika jambo hili. Katika karne ya 19 mji ulikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Biashara hiyo iliuza wanadamu utumwani na kuwamaliza ndovu, hata wafanyabiashara wakalazimika kuzifuata pembe mbali zaidi, hadi Kongo. Lakini njia hiyo hiyo iliachia nchi miembe, ambayo kivuli chake kimewafaa watu wasiowajua walioipanda.

Zoezi kwa shule: kwa siku saba, pimeni kuni, mkaa au gesi inayotumika katika jiko la shule yenu. Gawanyeni jumla kwa idadi ya waliokula, kisha zidisheni kwa siku za masomo za mwaka. Andikeni jibu katika daftari pamoja na tarehe, na mwakani kidato kinachowafuata kipime tena.