Zizi Likigeuzwa Chumba cha Wageni

Ukipita vijijini Toscana, katikati ya Italia, ghala la majani makavu ya ng'ombe utalitambua kwa ukuta wake wenye matundu. Waashi wa zamani walipanga tofali za kuchoma kwa kuruka, tofali moja nafasi moja, ili upepo upite humo mchana kutwa. Hawakufanya hivyo kwa urembo. Majani yanayofungiwa ghalani yakiwa bado na unyevu huchacha na kupata joto, na joto hilo likizidi huwaka moto bila kuwashwa na mtu.

Siku hizi nyuma ya matundu hayo mara nyingi kuna kioo, na nyuma ya kioo kuna kitanda cha watu wawili. Aliyelala hapo ametoka Munich au Amsterdam, na amelipa ili aamke aone mizeituni. Kazi ya kugeuza mabanda ya shamba kuwa malazi ya watalii imefanyika Italia kwa wingi kuliko karibu nchi yoyote: mashamba yanayopokea wageni yamezidi 25,000, na Toscana peke yake ina zaidi ya 5,000. Wengi wanaoitazama kazi hiyo kutoka mbali huona mandhari na divai tu. Mimi naiona kwanza kama kazi ya kuta zenye chumvi na sheria yenye masharti magumu, na naamini masharti hayo ndiyo yaliyoifanya idumu.

Majengo haya hayakuachwa kwa sababu yalichakaa. Yaliachwa kwa sababu mkataba uliokuwa ukiyajaza watu ulikufa. Kwa karne nyingi mashamba ya Toscana, Umbria na Marche yalilimwa kwa mfumo wa mezzadria: tajiri anatoa ardhi na nyumba, familia ya mkulima inatoa nguvu, mavuno yanagawanywa nusu kwa nusu. Mikono mingi ilihitajika, kwa hiyo kila shamba lilijengewa nyumba kubwa. Chini palikuwa na zizi na stoo ya divai; juu palikuwa na jiko na vyumba vya kulala, na usiku wa baridi joto la ng'ombe lilipanda hadi kwa waliolala. Mwaka 1770 Ferdinando Morozzi alichapisha kitabu kizima kuhusu namna ya kujenga nyumba za wakulima, na zama hizo hizo mtawala wa Toscana, Pietro Leopoldo, alihimiza ujenzi wa nyumba bora za mashamba katika bonde la Chiana. Hadi leo nyumba hizo huitwa leopoldine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Prato, Milano na Torino vilitaka watu, na vijana hawakuona sababu ya kugawana nusu na mtu asiyeshika jembe. Sheria ya mwaka 1964 ilipiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo, na kwa ile iliyobaki ikampandishia mkulima fungu hadi asilimia 58. Ya mwaka 1982 ikaigeuza mikataba iliyosalia kuwa ya kukodi. Kufikia hapo nyumba nyingi zilikuwa zimeshafungwa, milango imeota miiba, vigae vimeanza kuteleza. Wageni wenye fedha kutoka Uingereza na Ujerumani walizinunua kadhaa bila shamba. Nyumba za namna hiyo zilipona paa lakini kijiji hakikupona, maana mwenyewe anakuja mwezi wa nane na kuondoka na funguo.

Njia nyingine ilianza mwaka 1965, pale chama cha Agriturist kilipoundwa na wenye mashamba waliotaka kupokea wageni bila kuacha kulima. Bunge liliitungia sheria mwaka 1985, kisha ikaandikwa upya mwaka 2006. Ukiisoma sheria hiyo utaona mambo mawili yamebeba kila kitu. La kwanza, malazi yawekwe kwenye majengo ambayo tayari yako shambani, si hoteli mpya iliyopandwa katikati ya mizabibu. La pili, kilimo kiwe ndiyo kazi kuu na wageni wawe tawi lake, na ukuu huo upimwe hasa kwa muda wa kazi. Mikoa hutumia majedwali ya saa: hekta ya mizeituni inahesabiwa saa kadhaa kwa mwaka, ng'ombe mmoja saa kadhaa, kitanda cha mgeni saa kadhaa. Saa za vitanda zikizidi saa za shamba, leseni iko hatarini. Mwenye kupokea wageni wasiozidi 10 hasumbuliwi na hesabu hiyo; sheria inamchukulia kuwa mkulima tu.

Kazi hii ina utamu wake pia. Faida inayotozwa kodi hukadiriwa kuwa asilimia 25 ya mapato ya wageni, jambo ambalo mwenye hoteli mjini hulitazama kwa kijicho. Hapo ndipo ujanja unapoingia: miti michache ya zeituni mbele ya geti, bwawa la kuogelea nyuma, na jamu ya dukani iliyobandikwa lebo nzuri. Wakaguzi wanaujua mchezo huo, ingawa si kila mkoa unao wakaguzi wa kutosha.

Sasa tuingie ndani ya zizi, maana huku ndiko fedha zinakopotelea.

Ng'ombe waliosimama mahali pamoja kwa miaka 200 huacha kitu ambacho ufagio hauondoi. Mkojo na samadi vina nitrojeni. Vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa nitrati, na nitrati huyeyuka majini na kupanda ndani ya ukuta wa mawe au tofali, mara nyingi hadi kimo cha kifua cha mtu, pengine zaidi. Chumvi hizo hufanya kama chumvi ya mezani wakati wa masika: hunyonya unyevu kutoka hewani. Kwa hiyo ukuta wa zizi unaweza kulowa hata kama msingi umekauka kabisa na paa halivuji. Mwenye nyumba anapiga lipu, anapaka rangi, anafungua biashara mwezi wa tano. Mwezi wa kumi ukungu unaingia, na kwenye ukuta nyuma ya kitanda kinatokea kidoa cha kahawia. Majira yanayofuata hewa inakauka, chumvi inaganda na kuwa punje, punje zinapanuka, na lipu inabambuka vipande vipande juu ya mto wa mgeni.

Fundi asiyejua hujibu kwa saruji. Anapiga lipu ngumu ya saruji akidhani amefunga njia, kumbe ameufungia unyevu ndani. Ukuta wa zamani ulijengwa kwa chokaa, na chokaa ina vinyweleo. Unyevu unaoingia hutoka kupitia humo. Ukizibwa na saruji, unyevu hupanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, na doa lililokuwa magotini linafika begani. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar hawahitaji kufundishwa hili. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa huugua ugonjwa huo huo zikipakwa saruji, hata bila ng'ombe.

Dawa yake inataka subira. Lipu yote ya zamani inabanduliwa, viungo vya mawe vinakwanguliwa kwa kina cha sentimita mbili tatu, na vumbi linafagiliwa likiwa kavu na kutolewa nje ya jengo. Kuosha kwa maji ni kuyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Kisha inapigwa lipu laini ya chokaa ambayo kazi yake ni kufa: inanyonya chumvi, inapukutika baada ya mwaka au miwili, inatolewa, inapigwa nyingine. Mwenye haraka hujenga ukuta mwembamba mbele ya ule wa zamani na kuacha nafasi ya hewa katikati. Mbinu hiyo hufanya kazi, ila chumba kinapungua na jiwe alilokuja kuliona mgeni linafichwa. Mahali ambapo samadi ilikolea sana, ushauri wangu huwa ni mmoja: usiweke kitanda. Weka stoo ya baiskeli, au chumba cha kuonjea divai chenye milango mipana. Mvutano na mteja huanzia hapo, kwa sababu zizi ndilo lenye dari la matao ya tofali, na matao ndiyo yanayopigwa picha.

Sakafuni hakuna ubishi mkubwa. Udongo uliolowa samadi unachimbwa na kutolewa, kisha sakafu mpya inainuliwa juu ya uwazi wenye matundu ya hewa pande zote mbili, ili unyevu wa ardhini usiguse vigae.

Paa lina hadithi ndefu zaidi, na somo lake lilipatikana kwa maumivu. Baada ya matetemeko ya miaka ya 1970, wahandisi wengi wa Italia waliamini kwamba boriti za mbao ni udhaifu. Walizing'oa, wakazungushia juu ya kuta za mawe mkanda mzito wa zege, ule ambao mafundi wetu huuita linta, na juu yake wakaweka paa la zege. Mwaka 1997 ardhi ilitikisika Umbria na Marche. Kwenye nyumba kadhaa zilizotengenezwa hivyo, zege lilibaki kipande kimoja huku ukuta wa mawe chini yake ukifumuka, kwa kuwa uzito mpya ulikuwa umewekwa juu ya ukuta ambao ndani yake ni kokoto na chokaa iliyochoka. Siku hizi busara imegeuka: paa liwe jepesi, la mbao, ukuta wenyewe uimarishwe kwanza, na vyuma vipitishwe kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, vikazwe kwa nje kwa bamba la chuma. Mabamba hayo yanaonekana kwenye nyumba za kale za Italia nzima. Babu zao walishajua.

Mabanda ya karne ya 20 yana balaa lake. Mengi yaliezekwa mabati ya saruji yenye asbesto, ambayo Italia iliyapiga marufuku mwaka 1992. Kuyashusha kunahitaji kampuni yenye kibali, mavazi maalumu na dampo maalumu, na gharama hiyo huwaangusha wengi waliodhani wamenunua banda kwa bei ya kutupa.

Halafu kuna mwanga. Kanuni za makazi za mwaka 1975 zinataka chumba kiwe na kimo cha mita 2.70 na madirisha yasiyopungua sehemu moja ya nane ya eneo la sakafu. Zizi halina hayo. Ng'ombe hakuhitaji kutazama nje. Ukitoboa madirisha kufuata kanuni, unabaki na nyumba ya kawaida yenye mawe. Ndiyo maana sheria ya 2006 inaagiza mikoa, inapoweka viwango vya vyumba, izingatie umbo la majengo ya shamba, hasa kimo na mwanga. Na ndiyo maana kioo nyuma ya ukuta wa matundu kilipendwa: mwanga unaingia ukiwa umekatwakatwa, tofali hata moja haijaguswa. Mchana wa kiangazi ukutani panakuwa na vivuli vinavyotembea na jua, na hakuna pazia la dukani linaloweza kufanya hivyo.

Mbayuwayu pia wamo katika hesabu. Ndege hawa hukaa kusini mwa Sahara majira ya baridi ya Ulaya, kisha hurudi kuzalia kwenye boriti za mazizi, kwa sababu penye ng'ombe pana nzi. Kuvunja viota vyao wakati wa kuzaa ni kosa kisheria, kwa hiyo ratiba ya ujenzi inapangwa kwa kuwafuata.

Afrika Mashariki tunayo mifano yetu, michache. Karibu na Karatu, shamba la kahawa la Gibb's Farm, lililoanzishwa mwaka 1929, lilianza kupokea wageni mwaka 1972 bila kuacha kahawa, na mboga za mezani zinatoka bustani yake. Mikonge ya Tanga na Morogoro ni habari nyingine. Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, kisha bei ikaanguka kwa ujio wa nyuzi za plastiki, na nyuma yakabaki mabanda marefu ya mitambo, maghala ya marobota na kambi za manamba. Nimewasikia watu wakisema yote yageuzwe hoteli. Mabanda ya mitambo yana upana na kimo vya kutosha, na kuta zake hazina nitrati. Kambi za manamba ningesita. Chumba kilichojengwa ili watu wanne wabanane ndani yake kina historia ambayo bango la bei halipaswi kuipita kimyakimya.

Kwa anayefikiria kufanya hivyo, Kenya au Tanzania, kuna hesabu moja ambayo Waitaliano wengi waliikosea. Waligeuza kila kitu: zizi, ghala, tanuri la mkate, hata banda la nguruwe likawa chumba cha bwana harusi. Miaka miwili baadaye shamba lilihitaji pa kuweka trekta, mbolea na mapipa, na ilibidi lijengwe banda jipya la mabati na vyuma, likasimama mbele kabisa ya mandhari aliyoilipia mgeni. Kwenye ramani ya kwanza, kabla ya kuhesabu vitanda, pigia mstari jengo moja kavu, lenye mlango mpana na njia ya gari, na uandike juu yake kwamba ni la shamba.