Mizozo ya uchaguzi vyamani: Haki hutafutwa kwa ngazi, si kwa ngumi

KILA baada ya miaka mitano, vyama vingi vya wafanyakazi nchini huingia katika msimu wa uchaguzi. Kura huanzia matawini, hupanda hadi ofisi za kitaifa na kuishia katika Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi, COTU, kama ilivyokuwa mwaka wa 2021.

Malalamiko ya msimu huo ni yale yale. Wajumbe wamehongwa. Ukumbi umehamishwa usiku bila mgombea mmoja kuarifiwa. Sajili ina majina ya watu waliostaafu zamani. Magari ya chama yamegeuzwa ya kampeni, na vijana wa kukodiwa wamefunga lango.

Je, mgombea anayeamini amechezewa rafu afanye nini? Njia ipo, na ina ngazi zake. Aghalabu wanaoshindwa kuipanda hawakosi haki. Huruka ngazi au huchelewa.

Ngazi ya kwanza ni katiba ya chama chenyewe. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka wa 2007 chaagiza uchaguzi ufanywe kwa mujibu wa katiba iliyosajiliwa. Nayo Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 41, yakipa kila chama haki ya kujiamulia uendeshaji wa shughuli zake.

Kwa hivyo swali la kwanza litakaloulizwa popote ni hili: katiba yenu yasemaje? Ilani ilipasa kutolewa siku ngapi kabla ya kura? Ni nani mwanachama halali? Akidi ni ya watu wangapi? Matusi jukwaani huudhi, lakini kwa kawaida hayatoshi kubatilisha matokeo. Kuwafungia nje wajumbe halali ni jambo jingine kabisa.

Ngazi ya pili ni wasimamizi wa uchaguzi chamani. Lalamiko liwasilishwe kwa maandishi, mapema iwezekanavyo, na nakala yake ihifadhiwe. Liandamane na ushahidi: ilani, sajili, fomu za matokeo, na taarifa za mawakala zenye majina na saa. Anayesema tu kwamba "kila mtu aliona" huenda asipate hata shahidi mmoja siku ya kusikizwa.

Hapa ndipo usuluhishi una nafasi yake. Kashfa zilizoenezwa zaweza kusahihishwa na radhi ikaombwa mbele ya wanachama. Mabango yaliyong'olewa yaweza kurudishwa, na zamu za kuhutubia kugawanywa upya. Viongozi waliostaafu, wanaoheshimiwa na pande zote mbili, hufaa sana kwa kazi hii.

Lakini usuluhishi una mpaka. Kura iliyoibwa si mali ya aliyeshindwa peke yake. Ni ya mwanachama aliyeipiga. Mahasimu wawili wanapopeana mikono faraghani na kugawana vyeo, huwa wametuliza ugomvi wao kwa mali ya watu wengine. Dosari ikigusa kura yenyewe, dawa yake ni kuhesabu upya au kurudia uchaguzi.

Ngazi ya tatu ni Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi. Chama hutakiwa kumpa taarifa ya mabadiliko ya viongozi katika muda wa siku 14. Mwenye pingamizi hana budi kuifikisha kwake kabla ya majina hayo kuingizwa katika sajili. Msajili pia ana uwezo wa kutoa maagizo ili uchaguzi ufuate katiba ya chama, kwa hivyo dosari ikionekana mapema, aarifiwe mapema.

Asiyeridhika na uamuzi wa msajili ana siku 30 kukata rufaa mbele ya Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi. Mahakama hii, iliyoanza mwaka wa 1964 kama Mahakama ya Viwanda, sasa ina hadhi sawa na ya Mahakama Kuu. Yaweza kusimamisha usajili kwa muda, kuidhinisha matokeo au kuyafuta. Anayeikimbilia kabla ya kutumia njia za chamani hujiweka katika hatari ya kurudishwa alikotoka.

Ada, ambayo hukatwa kutoka kwa mishahara ya wanachama, ndiyo uhai wa chama. Makundi mawili yanapodai uongozi, benki haijui sahihi ya nani ni halali, naye mwajiri hupata kisingizio cha kuahirisha mazungumzo ya nyongeza ya mishahara. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Historia nayo ina funzo. Mwaka wa 1965, uhasama kati ya mashirikisho mawili ya wafanyakazi, KFL na KAWC, ulizua ghasia Mombasa na watu wakauawa. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliyafuta yote mawili na COTU ikaundwa mwaka huo huo. Chini ya mpango huo mpya, Rais ndiye aliyeteua katibu mkuu kutoka miongoni mwa majina matatu aliyopelekewa. Wafanyakazi walioshindwa kumaliza ugomvi wao wakamalizwa na Ikulu, na sehemu ya uhuru wao ikaenda nayo.

Mwanachama wa kawaida basi asingoje siku ya kura. Aombe nakala ya katiba ya chama chake leo, ahakikishe jina lake limo katika sajili, na adai orodha ya wajumbe itangazwe hadharani. Dosari inayogunduliwa mwezi mmoja kabla ya uchaguzi hurekebishwa kwa barua. Ile ile ikigunduliwa baadaye huhitaji wakili.