Kuvu Dhidi ya Sumukuvu

Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Usemi huo umepata maana mpya katika maabara za sayansi ya vyakula, ambamo kuvu wanatumiwa kuiondoa sumu iliyotengenezwa na kuvu wenzao.

Sumu hiyo ni aflatoksini, aina ya sumukuvu inayozalishwa hasa na Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus. Kuvu hao hustawi kwenye mahindi na karanga zilizopatwa na ukame shambani au unyevu ghalani. Sumu yenyewe iligunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Afrika Mashariki inaijua kwa misiba: mwaka 2004 watu 317 waliugua nchini Kenya, wakafariki 125, mwaka 2016 waliugua 68 katikati ya Tanzania, wakafariki 20. Hata ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kuleta saratani ya ini. Moto wa jikoni hauiangamizi.

Nchini Indonesia, watu wa Java Magharibi wamezoea kuchachua mashudu ya karanga na kupata chakula kiitwacho oncom. Hutumia kuvu wa rangi ya chungwa, Neurospora, au Rhizopus, ambaye pia hutengeneza tempe ya soya. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa uchachuaji huo hupunguza aflatoksini kwa kiasi kikubwa. Uyoga wa Pleurotus ostreatus nao hutoa vimeng'enya vya kuozesha miti, kikiwamo lakasi, ambavyo huushambulia muundo wenyewe wa molekuli ya sumu.

Hata hivyo, kupungua si kwisha. Rhizopus huweza kuibadili aflatoksini kuwa aflatoksikoli, nayo huweza kurudia hali yake ya kwanza. Kwa sababu hiyo, nafaka iliyochachuliwa haina budi kupimwa upya kabla ya kutumiwa. Wala uchachuaji wa nyumbani haufai kuwa tegemeo: kuvu wasiojulikana wakiingia chunguni, sumu yaweza kuongezeka.

Kumpa ng'ombe mahindi yaliyooza nako si suluhisho, kwani sehemu ya sumu hugeuzwa mwilini mwake na kutoka katika maziwa, ambayo mtoto huyanywa.

Kwa kaya yenye gunia moja la akiba, kulitupa ni uchungu mkubwa. Ndiyo maana utafiti huu una thamani. Lakini hadi utakapokamilika, kinga ingali mikononi mwa mkulima: kuanika mahindi juu ya turubai hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kuchambua punje zilizovunda, na kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Sumu isiyozaliwa haihitaji dawa.