Je, Wajua? Dirisha linavyookoa umeme Arusha

Jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru, liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nyumba iliyopangwa vizuri hapa haihitaji kiyoyozi. Madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Dirisha la magharibi huingiza jua la alasiri hadi kwenye kochi, na pazia likachujuka rangi.

Kuokoa umeme namna hii ni sehemu ya kulinda tabianchi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu jijini humu, ina sera ya tabianchi tangu 2011. Fedha nazo zinasogea: Benki ya CRDB ilipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2019, na 2023 ikauza hatifungani ya kijani. Natamani anayejenga Njiro, hapa Arusha, kwa mpangilio huo wa madirisha naye apunguziwe riba ya mkopo.