Dodoma: udongo unaopotelea kwenye tangi

Wagogo husimulia kwamba Dodoma ilipata jina lake pale tembo alipozama kwenye tope la kijito akienda kunywa maji. "Idodomya," wakasema, pamezama. Mkulima wa zabibu akisikia simulizi hiyo huondoka na lake: alipozama tembo, usipande mzabibu. Mfinyanzi mweusi wa mabondeni hushikilia maji hadi mizizi ikakosa hewa, na mzabibu ulioshiba maji hukazana kuotesha majani huku zabibu zake zikivimba na kupooza. Panda mteremko kidogo, ufike kwenye kichanga chekundu kilichotokana na kuchakaa kwa matale ya vilima vya huko. Biashara iko hapo.

Matale hayo ni sehemu ya mwamba wa kale uliobeba katikati ya Tanzania, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kichanga chake hupitisha maji upesi na kina nitrojeni kidogo. Kwa mahindi huo ni umaskini. Kwa mzabibu ni malezi mema.

Wauzaji wa mvinyo wa Ulaya wamejenga utajiri juu ya wazo kwamba jiwe la shambani hulambwa kwenye glasi. Huko Chablis, Ufaransa, mashamba ya daraja la juu kabisa yako juu ya mawe ya chokaa yenye visukuku vya chaza wa kale, na wanywaji huapa kwamba wanaonja magamba yale. Mizizi haili mawe. Hufyonza maji yenye potasiamu, kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka, na kiasi kinachofika kwenye mvinyo ni kidogo mno hata ulimi usiweze kukitambua kama jiwe. Mwanajiolojia Alex Maltman wa Wales alilieleza hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2018, na kwa maoni yangu hoja yake haijavunjwa.

Udongo basi hufanya nini? Gérard Seguin wa Bordeaux alichunguza mashamba mashuhuri ya eneo lake, akakuta yanatofautiana sana: changarawe huko Médoc, mfinyanzi huko Pomerol. Kilichoyaunganisha ni ugawaji wa maji, kidogo kidogo, pasipo mafuriko wala ukame wa ghafla. Mzabibu wenye kiu ya wastani huacha kurefusha matawi. Punje zake hubaki ndogo, ganda likawa jingi kuliko maji yaliyomo, na rangi, tanini na sehemu kubwa ya harufu zimo kwenye ganda.

Dodoma ina kitu ambacho Bordeaux haina. Iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu. Hakuna baridi kali ya kuulaza mmea, hivyo mkulima huuamsha mwenyewe kwa kupogoa na kuvuna mara mbili: mara moja Februari au Machi, na tena Agosti au Septemba. Mavuno ya wakati wa mvua hupambana na ubwiri na juisi nyepesi. Ya kiangazi huja na sukari nyingi. Shamba ni lile lile, udongo ule ule, lakini mvinyo ni wa aina mbili. Na palipo na umwagiliaji wa matone, kama Chinangali, mwenye kufungua bomba ndiye anayefanya kazi ambayo huko Bordeaux hufanywa na changarawe.

Tofauti zote hizo hufia njiani. Zabibu iliyokatwa haisubiri. Mwenye ekari moja au mbili akikuta viwanda vimejaa, hana budi kuikamua iwe mchuzi wa zabibu, ukae tangini kungojea mnunuzi. Simlaumu, mchuzi umeokoa mavuno mengi yasioze. Lakini mchuzi wa Hombolo ukichanganywa na wa Bihawana, ambako wamisionari walipanda mizabibu katika miaka ya 1950, hakuna tena kichanga wala mteremko. Zimebaki lita. Anayeuza kwa lita hushindana kwa bei tu, na mwenye shamba zuri hulipwa sawa na aliyepanda bondeni kwa tembo.

Ushuru wa Tanzania tayari unaupendelea mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani. Ushuru huo unaitambua nchi, hauitambui miteremko yake. Kiwanda chenye matangi mawili ya ziada kingeweza kuanza kesho: zabibu aina ya Makutupora Nyekundu ya Agosti tangi lake, ya Machi tangi lake, kisha mwezi wa mavuno na jina la kijiji viandikwe kwenye lebo. Mkulima naye achimbe shimo la mita mbili kabla ya kununua miche. Kichanga kikiendelea hadi chini na mizizi ya miti ya jirani ikionekana humo, apande. Akikutana na mfinyanzi wa kijivu wenye madoa ya kutu, maji hutuama hapo, na gharama aliyookoa ni kubwa kuliko siku moja ya jembe na sururu.