Faini ya Kuchelewa Kodi ya Duka: Je, Ni Lazima Ulipe?

Tuseme una saluni karibu na steji ya Kawangware 46. Kodi ni KSh 8,000, na huwa unailipa kwa simu kabla ya tarehe 5. Mwezi huu wateja wamekuwa wachache, pesa zikapatikana tarehe 20. Keateka anakuja na hesabu mpya: faini ya KSh 200 kwa kila siku uliyochelewa. Siku 15 ni KSh 3,000, zaidi ya theluthi moja ya kodi yenyewe! Hiyo faini hujawahi kuisikia. Usipolipa, anasema, kesho utapata kufuli mlangoni.

Wengi hulipa tu kwa uoga. Wengine hukasirika na kukataa kulipa hata kodi. Zote mbili ni hasara kwako.

Sheria inasemaje?

Maduka, saluni na mahoteli mengi ya mtaani yanalindwa na sheria ya mwaka 1965 inayojulikana kama Cap 301. Inakuhusu kama hamkuandikiana mkataba wowote, au kama mliandikiana wa muda usiozidi miaka 5. Ndiyo, hata makubaliano ya mdomo yanahesabika.

Chini ya sheria hii, mwenye jengo akitaka kubadilisha masharti kwa njia inayokuumiza, lazima akupe notisi rasmi ya maandishi, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 kuisha. Faini mpya ni sharti jipya. Maneno ya keateka mlangoni si notisi, na kufuli pia si notisi.

Ukiipata notisi na hukubaliani nayo, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1, kisha upeleke malalamiko kwa Tribunali ya Kodi za Majengo ya Biashara (BPRT) kabla tarehe ya notisi haijafika. Usikae nayo kwa droo.

Lakini tusidanganyane

Kodi yenyewe bado ni deni. Ukikaa miezi 2 bila kulipa, au ukiwa mtu wa kuchelewa kila mara, mwenye jengo ana sababu halali ya kuomba kukuondoa.

Na kama faini ilikuwa kwenye mkataba uliotia sahihi, mambo ni tofauti. Unaweza kuipinga ikiwa ni adhabu tu isiyolingana na hasara aliyopata, lakini hapo utahitaji wakili na subira. Ni rahisi zaidi kusoma kabla ya kusaini.

Fanya hivi

- Lipa kodi yote peke yake, hata kama mnabishana kuhusu faini.
- Tuma kwa nambari mliyokubaliana na mwenye jengo. Keateka akitaka itumwe kwa simu yake, omba idhini ya maandishi kwanza.
- Hifadhi ujumbe wa malipo. Simu ikipotea, omba taarifa ya akaunti yako.
- Dai kitabu cha kodi. Cap 301 inamtaka mwenye jengo akiweke, aandike kila malipo, na akupe nakala.

Siku ya ubishi, anayesikilizwa ni mwenye rekodi. Kabla hujalala leo, hebu tafuta ujumbe wa kodi ya mwezi uliopita. Bado uko nao?