Supu ya nyama ya kusaga: sufuria moja, nusu kilo, watu sita

Wadau, hapa Mwandoya, wilayani Meatu, ng'ombe si haba, ila mfuko kila mtu anaujua wake. Nusu kilo ukiikaanga, wawili wameimaliza. Ukiipika supu nzito, wanashiba sita.

Huna mashine ya kusagia? Ikatekate kwa kisu mpaka iwe ndogondogo. Ikaange kwanza bila maji mpaka wekundu uishe. Tia kitunguu maji, kitunguu saumu, kisha nyanya mbili. Zikirojeka, weka maji lita mbili na chumvi. Anza na vigumu: karoti na viazi. Baada ya dakika 15 ongeza kabichi na hoho, acha dakika 10 nyingine, epua, kamulia ndimu.

Angalizo: kwenye kipande kizima vijidudu hukaa zaidi juu, ukisaga vinaingia mpaka ndani. Kwa hiyo nyama ya kusaga usiilaze bila friji, hata kama uliipata kwa bei poa. Nunua asubuhi, pika siku hiyo hiyo, iive kabisa. Kushiba mchana halafu usiku kucha unakimbilia chooni, faida iko wapi?